Jino Lililozibwa Likiendelea Kuuma

Ndugu msikilizaji, iko kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi, kazini, kwenye daladala, hata msibani. Mtu ameshika shavu, na ukimwuliza kulikoni anakujibu: "Nilikwenda kuziba jino. Kabla ya hapo lilikuwa linauma kidogo tu, tena mpaka ninywe kitu cha baridi. Sasa limezibwa, ndiyo kwanza haliniachi nilale. Ningejua ningeling'oa." Na wanaomzunguka, ambao aghalabu hawakosi ushauri, humwunga mkono. Mmoja atasema daktari hakujua kazi. Wa pili atasema amemfungia mdudu ndani. Wa tatu atamwelekeza kwa mtu anayeng'oa meno upesi, kwa bei nafuu, bila maswali mengi.

Juma hili nimeona tulizungumze jambo hili kwa kituo, maana hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Wapo watu wanaopoteza magego ambayo yangeweza kuwatumikia miaka mingi zaidi, kwa sababu tu walikata tamaa katika wiki ya pili. Wapo na wengine, kinyume chao, ambao hulivumilia jino kwa vidonge miezi mitatu, likanyamaza, wakashukuru, kumbe jino limekufa na usaha unatafuta pa kutokea.

Neno langu la leo ni hili: maumivu ya jino lililozibwa si ya aina moja. Yapo yanayoondoka yenyewe, yapo yanayotaka marekebisho ya dakika chache, na yapo yanayotoa taarifa ya hatari. Mtu wa kwanza kuyatofautisha si daktari, bali ni mwenye jino, maadamu anajua la kusikiliza.

Tuanze na jino lenyewe. Tumezoea kulichukulia kama jiwe lililochomekwa kwenye ufizi. La hasha. Jino ni kiungo chenye uhai kama kidole. Nje lina gamba gumu kupita mfupa wowote mwilini, liitwalo enameli, na gamba hilo halina hisia. Chini yake kuna tabaka la pili, dentini, lenye rangi ya manjano kidogo. Ukiitazama dentini kwa hadubini utakuta imejaa mirija myembamba mno, makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba, na ndani ya mirija hiyo mna majimaji. Katikati kabisa kuna chumba kidogo chenye kiini cha jino, yaani nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, inayoingia kwa kupitia tundu dogo kwenye ncha ya mzizi.

Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Sweden, Martin Brännström, alionyesha kwa majaribio jinsi maumivu yanavyopita humo. Baridi, upepo au sukari ikigusa dentini iliyo wazi, yale majimaji husogea ndani ya mirija, na msogeo huo hushtua mishipa ya fahamu iliyo upande wa ndani. Ndiyo maana ukinywa maji ya barafu jino lenye tundu hukuchoma kama sindano, kisha likaacha. Mshipa haukuguswa. Umeshtuliwa tu kutoka mbali.

Sasa tazama kinachotokea siku ya kuziba. Kwa macho yetu ni kazi kama ya fundi anayeziba tundu la ukuta kwa simenti. Lakini ukuta hauna uhai, jino linao. Daktari huondoa sehemu iliyooza kwa mashine inayozunguka kwa kasi kubwa, huku maji yakirushwa ili jino lisipate joto. Katika kuondoa uozo huo mirija mingi hukatwa na kubaki wazi. Jino hukaushwa kwa hewa, hupakwa dawa, kisha hujazwa. Kwa kiini ambacho tayari kilikuwa kimechokozwa na uozo kwa miezi kadhaa, hilo ni jeraha juu ya jeraha. Kiini huvimba kidogo, kama nyama yoyote ya mwili iliyosumbuliwa. Ganzi ikiisha, jino linasikia kila kitu mara mbili.

Kilichotumika kuziba nacho kina tabia zake. Ile dawa ya rangi ya fedha, ambayo karibu nusu yake ni zebaki na iliyobaki ni fedha, bati na shaba, ni madini, na madini hupitisha baridi na joto upesi kuliko jino. Ule mchanganyiko mweupe unaogandishwa kwa taa ya buluu hausafirishi baridi namna hiyo, ila husinyaa kidogo unapoganda na kuzivuta kuta za jino. Kwa hiyo aina zote mbili zaweza kuleta msisimko. Wapo wanaosema maumivu yanatokana na sumu ya zebaki. Hapana. Ni kweli kwamba Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, ulizitaka nchi wanachama zipunguze kuziba meno kwa zebaki, lakini sababu ni kuchafuka kwa mazingira na afya kwa jumla. Jino lako haliumi kwa sababu hiyo.

Basi, aina ya kwanza ya maumivu ndiyo hii ya jeraha linalopona. Ina alama tatu. Alama ya kwanza, haiji yenyewe. Ni lazima uichokoze kwa soda baridi, kwa chai ya moto, au kwa kuvuta hewa mdomoni. Alama ya pili, ukiondoa kichokozi, maumivu huondoka katika sekunde chache. Alama ya tatu, na hii ndiyo muhimu kuliko zote, kila siku yanapungua. Leo afadhali kuliko jana, wiki hii afadhali kuliko ile iliyopita. Kwa tundu dogo mambo hayo huisha katika siku chache. Kwa tundu lililokuwa na kina yaweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Mwenye maumivu ya namna hiyo hana haja ya kuhangaika. Atafune upande wa pili, aache barafu kwa muda, na atumie dawa ya meno iliyotengenezwa kwa meno yenye msisimko. Asiache kupiga mswaki upande huo kwa kuogopa, kwani uchafu ukikaa kwenye ufizi utamletea maumivu mengine.

Aina ya pili inasumbua watu wengi, nayo ndiyo rahisi kuliko zote kuitibu. Ni jino lililozibwa likawa refu kuliko wenzake. Tafadhali kumbuka ulivyokuwa kwenye kile kiti. Nusu ya mdomo ilikuwa imekufa ganzi. Daktari akakuwekea karatasi ya rangi, inayofanana na ile karatasi ya kaboni ya mashine ya kupigia chapa, akakwambia, "Uma meno. Sugua." Ukauma. Lakini mtu mwenye ganzi hajui anauma wapi; taya laweza kwenda upande. Alama ikaonekana nzuri, ukaruhusiwa. Saa tatu baadaye ganzi imekwisha, unafunga mdomo, na jino moja linatangulia kugusa kabla ya mengine.

Waweza kudhani tofauti ndogo kama hiyo haina maana. Lakini hata unywele mmoja ukiingia kati ya meno mawili unausikia. Mzizi wa jino haukugandishwa kwenye mfupa. Umeshikiliwa na nyuzi ndogo ndogo zenye hisia kali. Kila unapotafuna, kila unapomeza mate, na usiku unaposaga meno usingizini, jino lile refu linapigwa peke yake kama msumari. Baada ya siku mbili au tatu nyuzi zimechubuka, na huwezi kuuma hata mkate. Mtu mwenye shida hii hutamka maneno yale yale: "Nikifunga mdomo tu, linauma."

Kwa mtu huyo nasema, usingoje wiki nne. Rudi wiki hiyo hiyo. Daktari atakuumisha tena ile karatasi, safari hii huna ganzi, ataona doa linapogonga, na atalisugua kidogo. Ni kazi ya dakika chache, mara nyingi haihitaji sindano, na maumivu hupungua katika siku chache zinazofuata. Inasikitisha kwamba jino la namna hii, lisilo na ugonjwa wowote, huweza kung'olewa kwa sababu mwenyewe aliona aibu kurudi, au alidhani kurudi ni kulipa upya. Na usijaribu kulisawazisha mwenyewe kwa tupa ya kucha.

Aina ya tatu ni ya ufa na nafasi. Pengine dawa haikushika vizuri kwenye ukuta wa jino, au imeachia upande mmoja, na mate yanapenya. Dalili yake ni kitu kitamu: ukitafuna muwa au ukinywa juisi, jino linasisimka mahali pale pale. Au jino lenyewe lina ufa. Hapo utaona ajabu moja: linauma zaidi unapoachia kuliko unapobana. Unauma karanga, hakuna kitu. Unafungua mdomo, linakuchoma. Mweleze daktari hivyo hivyo, kwa maneno hayo, kwani ufa huweza usionekane hata kwenye eksirei, na maelezo yako ndiyo yatakayomwonyesha njia. Kwa wale wenye jino la dhahabu, ambao pwani yetu haiwakosi, iko na hali nyingine: dhahabu ikigusana na jino jipya la madini, mate yakiwa katikati, hupita umeme mdogo unaoshtua. Hali hiyo aghalabu hupungua yenyewe kwa siku.

Sasa tufike kwenye aina ya nne, ambayo ndiyo iliyonifanya niseme kwamba maumivu mengine ni taarifa. Hii ni pale kiini kinapokufa.

Nilisema kiini kimo katika chumba. Chumba hicho kina kuta ngumu pande zote. Mkono ukivimba, ngozi hutanuka. Kiini kikivimba hakina pa kutanukia. Shinikizo linapanda, damu inapata taabu kuingia, na nyama ile inaanza kufa. Katika hatua hii maumivu hubadilika tabia. Hayangoji tena kuchokozwa. Yanakuja yenyewe, umekaa, unasoma gazeti. Chai ya moto inayachochea kuliko baridi, na pengine maji baridi ndiyo yanayoyatuliza kwa muda. Yakianza hayaachi katika sekunde. Yanapita nusu dakika, yanafika dakika tano, robo saa. Yanapwita kwa mapigo ya moyo. Ukilala yanazidi, kwa sababu damu huja kichwani kwa nguvu zaidi kuliko ulipokuwa umesimama. Na tena huwezi kuonyesha kwa kidole ni jino lipi. Unasikia taya zima, sikio, hata kipaji cha uso.

Ndugu msikilizaji, ukiona hayo, hakuna kungoja. Kiini kilichofika hapo hakirudi nyuma. Na ole wake anayeshangilia ukimya! Maana baada ya siku au wiki kadhaa za mateso, jino huweza kunyamaza ghafla. Mwenyewe anasema limepona. Ukweli ni kwamba mshipa wa fahamu umekufa, hakuna tena wa kupiga kelele. Vijidudu sasa vinakaa ndani ya chumba kile bila bughudha, vinashuka kwenye ncha ya mzizi, na huko hutengeneza jipu. Siku moja utaona kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, au utaamka shavu limejaa.

Hapa turudi kwa yule rafiki aliyesema daktari amefungia mdudu ndani. Imani ya mdudu wa jino ni ya zamani sana. Ilikuwapo Babeli, ikawapo Ulaya. Mwaka 1597 mwandishi wa mitishamba wa Uingereza, John Gerard, alieleza jinsi matapeli walivyochoma mbegu na kumfukizia mgonjwa moshi wake mdomoni, kisha wakamwonyesha "wadudu" waliotoka, kumbe ni vipande vya nyuzi za chombo cha muziki. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard, anayehesabiwa kuwa baba wa uganga wa meno wa kisasa, aliandika kwamba alitafuta mdudu huyo kwa hadubini asimwone. Na mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari kinywani na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino.

Kwa hiyo mdudu mwenye kutambaa hayupo, lakini vijidudu vipo. Je, daktari aweza kuvifungia ndani? Aweza, na wakati mwingine hufanya hivyo kwa makusudi. Uozo ukiwa umekaribia sana kiini, kukwangua hadi mwisho ni kukitoboa. Hivyo daktari huacha tabaka dogo lililo karibu na kiini, anasafisha kuta zote za pembeni, na kuziba barabara. Vijidudu vilivyobaki hukosa chakula, vikafifia, na kiini hupata nafasi ya kujijengea ukuta mpya wa dentini. Mara nyingi hufaulu. Safari nyingine hushindikana, kwa sababu vijidudu vilikwisha fika kwenye kiini kabla mgonjwa hajakanyaga kliniki. Jino hilo lingeuma hata lisingezibwa. Sisemi kwamba madaktari hawakosei. Wapo wanaoziba kwa haraka, na wapo wasiopiga eksirei pale inapohitajika. Nasema tu kwamba kuuma baada ya kuzibwa si ushahidi wa kutosha wa kumtia mtu hatiani.

Kiini kikishakufa, njia ni mbili. Moja ni kutibu mzizi. Daktari hufungua jino, hutoa kiini chote, husafisha mifereji ya mizizi, ambayo kwenye magego aghalabu ni mitatu au minne, kisha huijaza kwa kitu kinachofanana na mpira na kuziba juu. Jino hubaki mahali pake na hutafuna kama kawaida, ingawa gego lililotibiwa hivyo huhitaji kuvalishwa kofia lisije likapasuka. Yaweza kuchukua zaidi ya mahudhurio moja, na gharama yake ni kubwa kuliko ya kuziba. Njia ya pili ni kung'oa.

Simlaumu anayechagua kung'oa. Mwenye mshahara mdogo na ada ya watoto mlangoni anajua mwenyewe anachokiweza, na jipu lililoachwa ni baya kuliko pengo. Lakini achague huku akijua anachokiacha. Gego likiondoka, jirani zake huanza kuinama kuelekea kwenye nafasi, na lile la juu yake, likikosa mwenzake wa kukutana naye, hushuka polepole. Chakula kinaanza kunasa mahali ambapo hakikuwa kinanasa, na meno mengine mawili yanaingia hatarini kwa ajili ya moja. Wazee wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya bandia yamekuwa bora sana tangu siku za pembe, lakini hakuna hata moja lililokuwa bora kuliko lako mwenyewe.

Pengine utaniuliza, nifanyeje usiku wa leo, kliniki zimefungwa? Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, maradhi ya figo wala pumu inayochochewa na dawa za namna hiyo, ibuprofeni ya miligramu 400 pamoja na paracetamoli ya miligramu 500 hadi 1,000, baada ya kula, hutuliza maumivu ya jino vizuri kuliko dawa moja peke yake. Zaweza kurudiwa baada ya saa sita. Paracetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, kwani ikizidi huharibu ini. Mama mjamzito aache ibuprofeni, atumie paracetamoli, na amwone daktari. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kuzuia damu kuganda aulize kwanza.

Aspirini imezwe, isiwekwe juu ya ufizi. Ni asidi, na huunguza nyama ikaacha kidonda cheupe. Kuhusu karafuu, bibi zetu hawakukosea. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eujenoli, ambacho hutia ganzi kidogo. Ile harufu inayokupokea ukiingia kliniki ya meno ndiyo hiyo hiyo: madaktari huchanganya eujenoli na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Kwa hiyo Unguja na Pemba zina mchango wao ndani ya vinywa vya watu wengi. Lakini tumia tone moja kwenye pamba, uligusishe jino, usiumwagie ufizi, maana mafuta yale makali huunguza. Na wale wanaothubutu kutia maji ya betri au mafuta ya taa, wanaomba kupoteza jino pamoja na mdomo.

Kuhusu kapsuli za rangi mbili, tunazozikimbilia kwenye duka la dawa jino linapouma, nataka nieleweke. Dawa za kuua vijidudu hazitulizi kiini kinachouma. Damu ndiyo inayozibeba, na kiini kinachokufa hakipati damu. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kinachowashauri madaktari wasiziandike kwa maumivu mengi ya meno, maadamu matibabu ya jino lenyewe yanapatikana. Kazi yake ni pale maambukizi yanapoenea mwilini, na hata hapo haziwi badala ya kulifungua au kuling'oa jino. Ukizimeza ovyo, unavifundisha vijidudu kuzizoea, na siku utakapozihitaji kwa kweli hazitakusaidia.

Na siku hiyo yaweza kuja. Naomba dalili hizi azijue kila mtu nyumbani: shavu au sehemu ya chini ya taya inayovimba na kukaza, homa, taya lisilofunguka, taabu ya kumeza hata mate, sauti inayobadilika, ulimi unaoinuliwa juu, na pumzi inayokuwa nzito. Mwaka 1836 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza uvimbe huu wa chini ya ulimi na shingo, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mara nyingi unaanzia kwenye gego la chini. Huweza kuziba njia ya hewa katika muda wa saa chache. Mtu wa namna hiyo hangojei asubuhi wala hapelekwi duka la dawa. Atafutiwe usafiri, afikishwe hospitali kubwa usiku huo huo.

Hapo katikati, kati ya msisimko mdogo na hatari hiyo, ndipo wengi wetu tulipo. Nawashauri jambo rahisi. Chukua kipande cha karatasi, na kwa siku saba andika mambo manne: nini kilichoamsha maumivu, yalidumu muda gani kwa saa, yalikuja mchana au usiku, na je, kufunga mdomo kunauma. Baada ya juma moja utaona wazi yanapanda au yanashuka. Yakishuka, subiri. Yakibaki pale pale baada ya wiki nne, rudi. Yakipanda, au yakianza kukuamsha usiku, usimalize hata juma, rudi kesho. Urudi kwa yule yule aliyeliziba ikiwezekana, kwani yeye ndiye aliyeliona tundu lilikuwa na kina gani. Usiende kumwambia "jino linauma" tu. Mpe karatasi yako. Na umwulize: Je, uozo ulikaribia kiini? Je, jino linagonga? Je, eksirei inaonyesha nini kwenye ncha ya mzizi? Nikiacha, nini kitatokea, na nikitibu, ni kiasi gani?

Na kwenu madaktari wa meno, ambao naamini baadhi yenu mnanisikiliza, nina ombi moja. Mgonjwa anaposhuka kwenye kiti, mpeni nusu dakika. Mwambieni: "Tundu lako lilikuwa na kina, litasisimka wiki mbili au tatu. Likiwa linagonga, rudi nilisawazishe, sitakutoza. Likikuamsha usiku, njoo siku hiyo hiyo." Maneno hayo ni machache, nayo yangeokoa magego kuliko mashine nyingi. Mtu aliyeonywa huvumilia panapostahili kuvumiliwa, na hurudi panapostahili kurudi. Asiyeonywa hubaki na majirani zake na ushauri wao.

Kwa leo niishie hapa. Kama jino lako limezibwa juma hili na bado linasisimka, anza karatasi yako jioni ya leo, kabla ya kulala. Nawatakia juma jema.